Siku Nilipotoboa Paa la Gari la Baba Linet

Kuna gari moja jeupe hapa Mbotela, Nairobi, ambalo nikiliona linakuja mbele yangu natoa simu mfukoni na kujifanya nimepata ujumbe wa maana sana, nasoma kioo kitupu mpaka lipite. Mimi ni mtu mzima, nimefundisha fizikia miaka kumi na tisa, na nalikimbia gari. Gari lenyewe halijanikosea lolote, na mwenye gari ndiye mtu mpole kuliko wote ninaowajua katika mtaa huu, na hilo ndilo linalonimaliza zaidi, maana angenitukana siku ile ningekuwa nimeshapona. Basi nawaeleza mwenyewe, kwa hiari yangu, kwa sababu najua kuna watu wanaieleza hadithi hii huko nje kwa njia zao (wapo wanaosema nilianguka ndani ya sufuria ya pilau, jambo ambalo si kweli, sufuria niliigeuza tu juu chini, na ilikuwa tupu).

Mwenye gari ni Makokha, jirani yangu wa mlango wa tatu, ambaye sisi wote tunamwita Baba Linet. Anafanya kazi kiwandani huko Industrial Area, na kwa miaka yote ambayo nimemjua amekuwa akienda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, mvua ikinyesha anavaa gunia la plastiki mabegani na kutembea vilevile. Amedunduliza muda mrefu bila kumwambia mtu, na mwaka huu, tukiwa hatuna habari, akaja na gari. Halikuwa jipya kwa maana ya jipya, lilikuwa limetumika huko Japani kwanza kama magari yetu mengi, lakini kwake yeye lilikuwa limezaliwa siku ileile. Alikuwa akilifuta vumbi hata pale ambapo hapakuwa na vumbi.

Sasa, hapa kwetu gari halianzi kazi hivihivi. Linaombewa kwanza. Pasta anaitwa, majirani wanakuja, milango yote inafunguliwa, boneti inafunguliwa, mikono inawekwa juu ya bati, watu wanaomba ajali ziwe mbali na wezi wawe mbali zaidi, halafu watu wanakula. Baba Linet alipanga maombi hayo yawe Jumapili baada ya ibada, na hakuichagua Jumapili hiyo bure. Jumapili hiyohiyo, saa tisa kamili mchana, kwaya ya kanisa lao ilikuwa itapigwa redioni kwa mara ya kwanza.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana mkipotea hapa hamtaona ukubwa wa kosa langu. Mke wake, Mama Linet, ameimba katika kwaya ile zaidi ya miaka ishirini, na miaka yote hiyo amesimama mstari wa nyuma, si kwa sababu hana sauti, ni kwa sababu ni mtu wa kuwapisha wengine. Mwaka huu mwalimu wa kwaya alimtoa nyuma akampa kuanzisha wimbo peke yake. Mistari minne, sauti yake tu, kisha wengine ndipo wanaingia. Walikwenda kurekodi katika kituo kimoja kidogo cha dini siku ya Jumanne, wakaambiwa wimbo wao utakuwa wa kwanza katika kipindi cha Jumapili, na kwamba hawatapewa nakala, wasikilize siku hiyo kama wasikilizaji wengine.

Kwa hiyo mpango wa Baba Linet ulikuwa huu: maombi yaishe mapema, saa tisa Mama Linet akae kiti cha mbele cha gari lake, milango ifunguliwe yote minne, redio iongezwe sauti, na mtaa mzima umsikie huku naye akijisikia. Alinieleza mpango huo Ijumaa jioni akitabasamu peke yake kama mtu anayekumbuka kitu kitamu.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Antena ya gari ilikuwa imevunjika. Ilikuwa ubavuni, karibu na kioo cha mbele, imekatikia chini kabisa, kimebaki kisiki kama jino bovu. Baba Linet alikuwa amenunua nyingine kwa mchuuzi, fimbo ndefu ya chuma yenye kitako cha kukazwa kwa nati, na sasa swali lilikuwa ikae wapi.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ndiye umesoma mambo ya mawimbi. Niiweke wapi?"

Hapo ndipo kila kitu kilipoanzia. Mimi sijawahi kuwa na gari. Sijawahi kufunga antena kwenye gari lolote, hata la mtu mwingine, hata la kuchezea. Jibu la haki lilikuwa neno moja tu, na mnalijua. Badala yake nikamwambia, "Hebu niletee sufuria."

Akaniletea. Ilikuwa sufuria kubwa ya Mama Linet, ile ya sherehe. Nikaigeuza juu chini kwenye kiti hapo nje, nikachukua kijiko, nikakisimamisha juu yake, na nikaanza kueleza. Mnanijua nikianza. Wanaume watatu wanne waliokuwa wakipita wakasimama, na mimi nikiona watu wanne wamesimama naona darasa.

"Chukulieni sufuria hii ni paa la gari, na kijiko ni antena," nikasema. "Haya, nani ana wazo? Msiogope, hakuna jibu baya."

Mmoja akasema iwekwe mbele juu ya boneti ionekane vizuri kama gari la wakubwa. Nikamsifu, nikamwambia ameanza vyema. Mwingine akasema nyuma, kwenye mlango wa buti, ili isisumbue macho ya dereva. Nikamsifu pia. Wa tatu akasema si ikae palepale ilipokuwa, waliolitengeneza gari walijua kwa nini waliiweka pale (na huyu, nikikumbuka sasa, ndiye aliyestahili alama zote). Kisha akazungumza Hassan.

Hassan ana kibanda cha vipuri vya magari karibu na soko la Burma. Ni mtu wa ndevu na watoto wawili, lakini nilimfundisha fizikia alipokuwa kidato cha pili na cha tatu, na hapa Eastlands, upande huu wote wa mji, mwalimu wako ni mwalimu wako mpaka mmoja wenu azikwe. Hata ukiwa na duka lako, hata ukiwa na kitambi kikubwa kuliko chake, humkatizi mbele za watu.

"Lakini Mwalimu," Hassan akasema, "hizi redio za magari ya kutoka..."

"Hassan," nikamwambia kwa upole, nikiwa na kijiko juu, "ngoja tumalize hatua hii. Maswali mwishoni."

"Sawa, Mwalimu." Akakunja mikono kifuani, kama nilivyomfundisha.

Nikaendelea. Nikawaeleza kwamba antena ya namna hii inahitaji bati chini yake, bati kubwa, na liwe sawasawa pande zote, na iwe juu pasipo kitu cha kuikinga. Nikazungusha kijiko juu ya sufuria: pembeni, bati liko upande mmoja tu, nyuma, nusu ya gari inakinga, lakini katikati kabisa ya paa, hapo ndipo mawimbi yanaingia kutoka kila upande kama wageni kwenye nyumba yenye milango minne. Na niwaambie ukweli, kila nilichosema kilikuwa sahihi. Mkifungua vitabu mtakikuta. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba niliharibu kila kitu nikiwa sahihi.

"Kwa hiyo tutoboe paa?" akauliza Baba Linet. Sauti yake ilishuka kwenye neno *paa*.

"Tundu dogo tu. Kama shilingi."

"Una uhakika, Mwalimu?"

"Baba Linet, fizikia haidanganyi."

Akaliangalia gari lake. Akaniangalia mimi. Linet, binti yake, alikuwa amepita fizikia mikononi mwangu, nadhani ndilo alilokuwa akiliwaza. Akasema, "Basi wewe ndiye mwenye kujua." Yale maswali ya mwishoni sikuyaitisha. Giza lilikuwa linaingia, watu wakatawanyika, nami nikaenda nyumbani nikiwa nimefurahi kama mtu aliyefanya kazi.

Jumapili, saa saba na nusu, nikiwa nimetoka kanisani na shati langu jeupe, nikaazima drili kwa fundi wa mageti wa upande wa pili na kuanza. Watu walikuwa wameanza kufika. Nyama ilikuwa imetoka Burma na ilikuwa jikoni, akina mama walikuwa wakisukuma chapati, wanakwaya walikuwa wanaingia mmojammoja na majoho yao ya samawati mikononi. Nilipanda kwenye kiti, nikapima katikati ya paa kwa uzi, pande zote mbili, mbele na nyuma, nikaweka alama kwa kalamu. Nilieleza kila hatua kwa sauti ili wote wafaidike. Kisha nikawasha drili.

Sijui kama mmewahi kusikia drili ikiingia kwenye paa la gari ambalo mtu amelisubiri nusu ya maisha yake. Si mlio wa kawaida. Rangi nyeupe ilijikunja kama maganda ya yai na kuanguka juu ya viatu vya Baba Linet, naye hakusogeza miguu. Bati likapita, kisha kitambaa cha ndani kikajizungusha kwenye ncha ya drili na kuvutwa chote, kikaachia kutoka kwenye gundi, kikaning'inia ndani ya gari kama chandarua kilichokatika kamba.

"Hilo ni la kawaida," nikasema (sijui kama ni la kawaida, sikuwahi kuliona).

"Wii, Mwalimu, umelivua nguo," akasema mama mmoja wa kwaya, na wengine wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu wakati huo bado nilidhani mwisho utakuwa mzuri.

Kupitisha waya, kukaza nati, kurudisha kitambaa kwa pini za nywele ambazo akina mama walinichangia, hayo yote yalinichukua muda. Antena ilipokaa, ilikuwa imesimama wima katikati ya paa, ndefu, inang'aa, nami nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Saa nane na dakika arubaini. Pasta alikuwa amefika na kukaa chini ya kivuli cha ukuta akitazama saa yake. Tukakubaliana redio kwanza, maombi baadaye.

Baba Linet akawasha. Redio ikatoa mvumo, shhhhh, kama mafuta kwenye kikaango. Nikaingia nikabonyeza. Kituo chetu kilikuwa kwenye namba mia moja na kitu. Namba zikapanda, themanini na tano, themanini na nane, zikapata kituo kimoja cha muziki, zikaendelea, themanini na tisa, tisini, na hapo zikaruka zikarudi sabini na sita na kuanza kupanda tena. Nikajaribu mara ya pili. Zikafika tisini, zikarudi sabini na sita. Mara ya tatu vilevile. Nataka mjiulize, mwalimu wa fizikia anaona namba zinagota tisini mara tatu, anafikiria nini? Alifikiria majengo.

"Ni hizi nyumba," nikawaambia. "Kuta zinakula mawimbi. Tuna dakika kumi na tano, msiwe na wasiwasi."

"Si twende tu kwa kioski ya Mama Ciru?" akasema mwalimu wa kwaya. "Ana redio pale, na inashika vizuri."

Kioski ilikuwa hatua hamsini. Hamsini, nimeshazihesabu baadaye, mara nyingi. Na watu walikuwa wameshaanza kugeuka, Mama Linet mwenyewe alikuwa ameshainua mkoba wake, hakuwa na neno, angekwenda kusimama mbele ya kioski kati ya sabuni na mkate na angefurahi. Mimi ndiye niliyenyanyua mikono.

"Tulieni, jamani, tulieni. Mama Linet, wewe leo si wa kusimama kioskini. Kaa mbele hapo. Tunalitoa gari mpaka kiwanjani, mahali pa wazi, na litashika. Naomba dakika tano tu."

Nikamwona Hassan amesimama nyuma ya wengine, amefungua mdomo. Akanitazama. Akaufunga.

Basi tukaondoka. Baba Linet kwenye usukani, mkewe pembeni yake na kitambaa kipya kichwani, mimi nimening'inia kiti cha nyuma nikibonyeza redio katikati yao, na gari likaenda polepole kwenye kichochoro kuelekea kiwanjani. Wanakwaya wakafuata kwa miguu, na kwa kuwa walikuwa wamevaa majoho na gari liko mbele, mmoja akaanzisha wimbo, wakadhani ni sehemu ya maombi. Watu wakatoka milangoni kutazama. Kina mama wakapiga vigelegele. Kwa nusu dakika hivi nilijiona nimeongeza heshima ya shughuli.

Wanaojua Mbotela wanajua kamba za nguo. Zinatoka nyumba hii hadi nyumba ile juu ya kichochoro, na zimefungwa juu vya kutosha gari kupita. Gari. Hakuna aliyezifunga akiwaza gari lenye fimbo ya mita moja katikati ya paa.

Tulisikia mvuto kwanza, kama mtu ameshika gari kwa nyuma. Kisha mlio mwembamba wa bati, kriiii, juu ya vichwa vyetu. Baba Linet, badala ya kusimama, akashtuka akakanyaga mafuta, na kamba ikakatikia upande mmoja, na tukatokea kiwanjani tukiburuta mashuka mawili, sare za shule, mto, na suruali moja ndefu ya ndani ambayo mwenyewe alikuwa palepale kati ya wazee wa kanisa na siku hiyo hakuidai. Kwaya ikanyamaza mstari katikati. Halafu upande wa vijana wa kiwanjani ukalipuka.

"Mzae, hiyo ni gari ama ni dobi?"

"Wazi! Hata imeshaanika!"

Nikashuka. Antena ilikuwa imelala ubavu kama mti uliosukumwa na ng'ombe, na kitako chake kilikuwa kimeng'oa bati pembeni mwa tundu, tundu langu la shilingi, sasa limekuwa mdomo wenye meno. Nikainyoosha kwa mikono yangu miwili. Hata wakati huo, jamani, sikuacha. Nikaegemea dirishani nikamwambia Baba Linet, "Jaribu sasa, hapa ni wazi."

Themanini na tisa. Tisini. Sabini na sita.

Saa yangu ilionyesha saa tisa na dakika tatu.

Ndipo Hassan akaja mbele. Alikuja taratibu, akasimama kando yangu, na mtu yule mzima mwenye duka lake akaniambia, "Mwalimu, naomba ruhusa niseme."

"Sema, Hassan."

"Hiyo redio ni ya Japani. Stesheni za kwao zinaishia hapo tisini, haiwezi kupita. Hata ungeweka hiyo antena juu ya Mlima Kenya. Kuna kidude kidogo kinaunganishwa kwa waya nyuma ya redio, ndio kinafanya ishike stesheni za huku. Kila gari ikitoka huko inawekewa. Hii bado. Niko navyo kibandani, vimejaa kikopo."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaangalia chini. "Nilikuwa nimeanza, Mwalimu. Ijumaa. Ukaniambia maswali ni mwishoni."

Hakuisema kwa kejeli. Ningependa angeisema kwa kejeli. Nilitazama huku na huku na nikaona uso wa kila mtu unaniambia kwamba walikuwa wakilijua. Yule wa boneti alikuwa akilijua. Fundi wa mageti alikuwa akilijua. Ni jambo ambalo kila mtu aliyewahi kukalia usukani Nairobi analijua, na wote walinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshika kijiko.

Mama Linet alikuwa ameshafungua mlango wake. Hakukimbia, ni mtu mzima na alikuwa na viatu vya Jumapili, lakini alitembea kwa namna ambayo wote tulimfuata tukikimbia. Kwa Mama Ciru redio ilikuwa inalia sauti ya juu kama kawaida, safi kabisa, bila mvumo wowote, na antena yake ni waya wa koti uliopindwa. Tulipofika mtangazaji alikuwa anasema, "...kwaya hiyo, Mungu awabariki sana, wimbo umetugusa hapa studio," kisha akaweka kwaya nyingine.

Mama Ciru akatoa kichwa dirishani, amejaa furaha. "Mama Linet! Kumbe ulikuwa na hiyo sauti unatuficha? Aki nimelia!" Akatuangalia sote, tulivyokuwa tunahema. "Mlikuwa wapi?"

Tuliulizana nani amerekodi kwa simu, na kila mmoja alikuwa amedhani mwingine anarekodi. Mama Linet alisimama pale kidogo akisikiliza kwaya ya watu wengine mpaka mwisho wa ubeti, kama mtu ambaye hataki kuondoka katikati ya wimbo wa mwenzake. Kisha akarekebisha kitambaa chake kichwani na kusema, "Twendeni. Chakula kitapoa."

Gari liliombewa. Pasta aliweka mkono juu ya paa, mbali kidogo na tundu, akaomba maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kumsikia, na nilipofumbua macho niliona Baba Linet hakuwa amefumba yake, alikuwa akitazama juu ya paa. Nilimwendea. Nikamwambia nitalitengeneza, nitalipia, nitafanya lolote.

"Ni sawa, Mwalimu," akasema. "Ulikuwa unataka kusaidia."

Jumatatu Hassan alikuja na kidude chake, kidogo kama kiberiti, akakiunga kwa muda usiozidi wa kunywa chai, akafunga antena fupi palepale kwenye kisiki cha zamani, na redio ikashika kila kituo cha Nairobi. Tundu aliliziba kwa kipande cha bati na gundi nyeusi. Alinifundisha jinsi ya kushika tochi wakati anafanya kazi, nami nikaishika, na sikuuliza swali hata moja mpaka amalize.

Lakini wimbo haukurudiwa. Mwalimu wa kwaya alipiga simu kituoni, akaambiwa kipindi kimepita na rekodi imefutwa. Na siku zilizofuata ikawa kila Baba Linet anapokwenda kazini anarudi na salamu: wenzake wa kiwandani wanaoishi Mukuru kwa Njenga walikuwa wamesikia, walikuwa wamekaa nje na redio zao wakamsikia mama mwanzo hadi mwisho, wanampongeza. Nusu ya Eastlands ilimsikia Mama Linet akiimba. Waliokosa ni sisi tuliokuwa tumelizunguka gari, na yeye mwenyewe.

Nilikaa wiki mbili kabla sijapata uso wa kwenda kwa Mama Linet. Nilibeba majani ya chai na sukari, maana mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu, na nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nilikuwa nitaeleza nilivyofikiri, hatua kwa hatua, ili aelewe haikuwa dharau. Alinikaribisha vizuri. Nilianza kueleza. Nilifika mahali pa bati na mawimbi, akainua mkono, polepole, kama mtu anayeomba nafasi darasani.

"Mwalimu, niambie kitu kimoja tu," akasema. "Pale mwanzo wa wimbo, mstari wa pili, pale panapopanda. Siku ya kurekodi niliogopa sauti itanikatikia. Watu wananiambia ilikuwa nzuri, lakini hao ni watu, wanasema tu. Wewe si muongo, na huenda tangu siku ile umepata mahali pa kuisikia. Ilikatika ama haikukatika?"

Na mimi ningeweza kumwambia kila kitu kuhusu jinsi sauti inavyotoka kooni mpaka kwenye kipaza sauti, jinsi inavyopandishwa kwenye mnara na kushuka hadi kwenye waya wa koti wa Mama Ciru. Alichoniuliza sikuwa nacho.

"Sijui, Mama Linet," nikasema. "Sikusikia."

Akatikisa kichwa, akasema "haya," akanimiminia chai.

Tangu siku hiyo mimi nimejiapiza. Nikiulizwa jambo ambalo mikono yangu haijawahi kulifanya, sitaomba sufuria wala kijiko, na mtu akifungua mdomo mbele yangu nitamwachia amalize kwanza, awe mwanafunzi wangu au asiwe. Nitasema sijui, na nitalisema mapema, wakati bado lina faida kwa anayeuliza.